Ngoma, Wimbo na Imani ya Mtoto Mdogo: Malezi ya Kikristo Kutoka Masasi Hadi Pwani ya Madimba

Madimba ni kata ya Wilaya ya Mtwara iliyoko kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, katika ukanda wa pwani unaopita Msimbati na kuishia kwenye mlango wa Mto Ruvuma, mto ambao ni mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji. Tangu mwaka 2015, ulipozinduliwa mtambo wa kuchakata gesi asilia, jina la Madimba limejulikana nchini kote kwa sababu ya nishati, lakini kwa mtafiti wa historia ya dini ukanda huu una umuhimu wa namna nyingine, kwa kuwa hapa Uislamu wa pwani, wenye vyuo vya Kurani na maulidi, umekutana na Ukristo ulioteremka kutoka bara, yaani kutoka Masasi, Newala na Ndanda. Dini hizo mbili ziliwakuta Wamakonde, Wayao, Wamakua na watu wa pwani wakiwa tayari na utaratibu wao wa kumlea mtoto, na nguzo ya utaratibu huo ilikuwa wimbo unaoimbwa na mwili mzima. Kufundisha imani ya Kikristo kwa muziki na miondoko kwa watoto ambao hawajafikia umri wa kuanza darasa la kwanza huelezwa leo kama mbinu mpya iliyoletwa na vyuo vya ualimu. Katika nchi ya Ruvuma, hata hivyo, mbinu hiyo ni marejeo ya elimu ya kale ambayo misheni iliiweka kando kwa miongo mingi, kisha ikaikubali hatua kwa hatua.

Elimu hiyo ya kale ilianza mtoto akiwa bado mgongoni. Mama aliyetwanga nafaka huku akiimba, au aliyesimama pembeni mwa ngoma na mwanawe amefungwa kwa kanga, alimfunza mapigo kabla mtoto hajajua kusema, na bembelezi, yaani nyimbo za kumtuliza mtoto alale, zilimpa majina ya jamaa zake na tabia zinazosifiwa katika ukoo. Alipoanza kutembea aliingia katika michezo ya duara, kama ule wa ukuti unaojulikana pwani yote, ambamo watoto hushikana mikono, huzunguka, huimba kwa kupokezana na kuchuchumaa kwa pamoja, hivyo wakajifunza kusikiliza, kungoja zamu na kwenda pamoja na wenzao bila kuhubiriwa juu ya mambo hayo. Baadaye yalifuata mafunzo rasmi ya jando kwa wavulana, ambayo Wayao waliyaita lupanda na Wamakonde likumbi, na ya unyago kwa wasichana, ambamo makungwi na walimu wa kambini waliyaweka maarifa yote mazito ndani ya nyimbo zilizochezwa mpaka zikakaa mwilini. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera ya sinema na fonografu, yaani mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta, alirudi kwao na nyimbo na picha za ngoma hizo, na kazi yake imebaki kuwa ushahidi wa mapema kwamba katika uwanda wa Makonde na pembezoni mwake haikuwezekana kuutenga muziki na mafunzo.

Ukristo uliingia katika nchi hii kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, shirika la Kianglikana lililotokana na wito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ambalo baada ya kushindwa katika nyanda za Shire lilihamia Zanzibar mwaka 1864, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere akaliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani hadi Masasi ili waanzishe kijiji cha Kikristo. Kutoka Masasi misheni ilipanuka hadi Newala, na huko Chitangali alifanya kazi Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja la upadre. Njia ya pili ilikuwa ya Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani waliofika Dar es Salaam mwaka 1888, wakafungua vituo vya Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, na baada ya vituo hivyo kuharibiwa katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 wakaifanya Ndanda kuwa kitovu cha kazi yao kusini.

Njia zote mbili zilileta dini iliyofundishwa kwa kitabu. Mwanafunzi wa dini alitambuliwa kwa jina la msomaji, Agano Jipya la Kiswahili lilitoka mwaka 1883 na Biblia nzima mwaka 1891, na kiini cha mafundisho kilikuwa katekisimu, yaani muhtasari wa imani uliopangwa kwa maswali na majibu ambayo mwanafunzi alitakiwa kuyakariri akiwa amekaa kimya kwenye benchi. Nyimbo zilikuwapo, na wamisionari walizipenda, lakini nyingi zilikuwa maneno ya Kiswahili yaliyopachikwa kwenye tuni za Uingereza na Ujerumani, na jambo hilo lilizua tatizo ambalo sikio la mtoto lililitambua mapema kuliko la mtaalamu. Mkazo wa neno la Kiswahili karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi za Ulaya huweka pigo lenye nguvu kwenye silabi ya mwisho wa mstari, na kwa hiyo neno lililofahamika vizuri nyumbani lilisikika limepinda kanisani. Zaidi ya hayo, mwimbaji alitakiwa asimame wima bila kupiga makofi wala kuchezesha mabega, na hivyo mtoto aliyezoea kuimba kwa miguu na mikono alinyang'anywa nusu ya wimbo.

Ulaya yenyewe ilikuwa imekwisha kugundua faida ya kumwacha mtoto mdogo atembee na kuimba. Robert Owen alifungua shule ya watoto wadogo huko New Lanark, Scotland, mwaka 1816, ambamo kucheza na kuimba vilikuwa sehemu ya masomo. Miaka michache baadaye Samuel Wilderspin alieneza shule za watoto wadogo nchini Uingereza zilizotumia makofi, mwendo wa hatua na nyimbo. Na Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea ya kwanza huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alichapisha mwaka 1844 kitabu cha nyimbo za mama na mtoto kilichoambatanisha kila wimbo na mchezo wa vidole, yaani miondoko ya mikono inayoonyesha maana ya maneno. Maarifa hayo hayakuwafikia watoto wadogo wa Masasi na Ndanda kwa wakati ule, kwa sababu shule ya misheni ilianzia kwenye herufi, na mtoto asiyeweza kushika kalamu alihesabiwa kuwa bado hajafika umri wa kufundishwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyebatizwa akiwa mchanga aliishi miaka yake ya kwanza nje ya mpango wowote wa Kanisa wa kumfundisha, na imani aliyoipata katika umri huo aliipata kwa mama na bibi, kwa ishara ya msalaba iliyoongozwa na mkono wa mtu mzima na kwa sala ya jioni iliyotamkwa kwa mahadhi ya bembelezi. Wanawake hao hawakuandikwa katika orodha za walimu wa dini, lakini ndio waliokuwa makatekista wa kwanza wa kusini.

Badiliko kubwa la kwanza lilitokea kwa watoto wakubwa zaidi, nalo ni muhimu hapa kwa sababu lilithibitisha kanuni ambayo baadaye iliwafikia wadogo. William Vincent Lucas, aliyefanya kazi Masasi kama padre kabla ya kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, aliona kwamba kuwakataza Wakristo jando kuliwafanya wawapeleke watoto wao kwa siri, na kwamba Kanisa lililojitenga na tukio kubwa kuliko yote katika maisha ya kijana lilijitenga na kijana mwenyewe. Kwa kushirikiana na mapadre na walimu wa Kiafrika, ambao ndio waliojua kila hatua ya mila hiyo na bila wao mpango usingewezekana, aliweka jando la Kikristo ambamo kambi, ngoma, nyimbo na sherehe ya kurudi nyumbani vilibaki, nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi zikaondolewa, na sala, mafundisho na baraka za padre zikaingizwa katika nafasi ya dawa za mganga. Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa makungwi walioilinda siri yao, na wamisionari wanaume hawakuwa na mlango wa kuingilia humo. Wabenediktini walikuwa wakali zaidi kwa muda mrefu, wakihofia kwamba ngoma ingebaki na maana zake za awali hata ikivishwa maneno mapya, na hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwa sababu wimbo unaochezwa hukumbukwa pamoja na mahali ulipochezwa mara ya kwanza.

Mpango huo wa Lucas umejadiliwa na wanahistoria kwa miaka mingi, na wapo waliouliza kama ulikuwa heshima kwa utamaduni au namna ya kuutawala. Kwa historia ya malezi, hata hivyo, somo lake ni la wazi: kwa mara ya kwanza katika nchi ya Ruvuma, Kanisa lilikiri hadharani kwamba mwili wa mtoto anayecheza ni mahali halali pa kupokelea mafundisho, na kwamba mwenye ujuzi wa kufundisha kwa njia hiyo hakuwa mgeni aliyetoka ng'ambo bali mwenyeji. Lyndon Harries, mmisionari wa Masasi aliyegeuka kuwa mtaalamu wa lugha, alichapisha mwaka 1944 maelezo ya mila za jando na unyago za Wamakonde, na maandishi ya aina hiyo yaliacha kumbukumbu ya mfumo wa elimu ambao shule ya kalamu ilikuwa ikiupuuza.

Kushuka kwa Ukristo hadi pwani kulikuja na kazi. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na ingawa mpango wenyewe ulivunjika mapema, mji wa Mtwara ulibaki na ukavuta vibarua, makarani na walimu kutoka Masasi, Newala na Ndanda, wengi wao wakiwa Wakristo. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964 vilivusha Ruvuma watu wengine wengi, wakiwamo Wamakonde Wakatoliki kutoka uwanda wa Mueda. Katika vijiji vya ukanda wa Madimba na Msimbati, ambako wakazi wengi ni Waislamu, mtoto wa Kikristo alikua akiwaona wenzake wakienda chuoni, mahali ambapo Kurani hufundishwa kwa sauti yenye mahadhi na kwa miili inayoyumba mbele na nyuma, na akizisikia kaswida, yaani nyimbo za kumsifu Mtume na kufundisha dini, zikiimbwa na watoto wenye sare wakati wa maulidi. Ujirani huo uliwaonyesha wazazi wa Kikristo jambo ambalo vitabu vya misheni havikulisema, kwamba jirani wa dini nyingine alikuwa ameanza mapema zaidi kumkabidhi mtoto mdogo dini yake kwa njia ya sauti na mwendo.

Baada ya mlango wa kwanza uliofunguliwa na jando la Lucas, wa pili ulifunguliwa na wanamuziki. Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini mwa Tanzania, alichapisha mwaka 1963 utafiti juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akionyesha kwamba muziki huo unaweza kuitumikia ibada bila kuomba radhi. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, iliyoagiza kwamba katika nchi za misheni muziki wa wenyeji upewe heshima na nafasi yake. Jambo hilo lilikuwa likitafutwa kwingineko pia: nchini Kongo, Padre Guido Haazen alikuwa amekwisha kuifanya Misa Luba ijulikane duniani, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale, yaani kitabu cha sala za Misa, ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ambamo kucheza kuizunguka altare kuna mahali pake. Kwa watoto, hati iliyogusa zaidi ni mwongozo wa Misa za watoto uliotolewa na Roma mwaka 1973, ambao ulisisitiza umuhimu wa kuimba, wa vyombo vinavyopigwa na watoto wenyewe na wa ishara za mwili, ukaeleza kwamba mtoto hushiriki ibada kwa mwendo na mkao wake kabla hajaweza kushiriki kwa hoja. Jimbo Katoliki la Mtwara, lililoundwa mwaka 1972, lilianza maisha yake katika hewa hiyo mpya.

Mlango wa tatu ulikuwa wa chekechea, nao ulifunguka kwa njia ambayo watu wengi hawakuitarajia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za makanisa chini ya serikali, na makanisa, yaliyokuwa yamejenga kazi yao yote ya kufundisha dini juu ya shule za msingi, yalilazimika kutafuta mahali pengine pa kumkuta mtoto. Malezi ya watoto wa kati ya miaka mitatu na sita yalikuwa uwanja uliobaki wazi, na masista pamoja na parokia na sharika wakaanzisha shule za chekechea katika miji na vituo vya misheni. Mbinu ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeamini kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono na kwa mwendo uliotulia, ilipata makao nchini kupitia vyuo vya kuandaa walimu vilivyoendeshwa na makanisa, kikiwamo cha Mtwara. Katika mbinu hiyo mtoto hutembea juu ya mstari uliochorwa sakafuni kwa kufuata muziki, akibeba kitu kwa uangalifu, na zoezi hilo ni maandalizi ya karibu sana ya maandamano ya ibada. Montessori mwenyewe alikuwa ameandika juu ya maisha ya watoto ndani ya Kanisa, na wafuasi wake Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi waliikuza fikra hiyo huko Roma kuanzia mwaka 1954 katika katekesi ya Mchungaji Mwema, inayomwanza mtoto akiwa na miaka mitatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipoitambua rasmi elimu ya awali, ilikuta makanisa yakiwa na uzoefu wa kutosha katika eneo hilo.

Mtoto wa chekechea ana haja zinazoeleza kwa nini wimbo wa vitendo, yaani wimbo ambao kila mstari wake una ishara ya mwili, umekuwa chombo kikuu cha mwalimu wake wa dini. Hawezi kusoma, hakai mahali pamoja kwa muda mrefu, na neno la jumla kama huruma au wokovu halina umbo akilini mwake mpaka lipewe tendo. Wimbo wa kupokezana, ambamo mwimbishaji mmoja hutoa mstari na kundi likaitikia, humpa mtoto mwenye haya nafasi ya kuingia kwenye kiitikio kabla hajaujua wimbo wote. Kurudia humpa uhakika. Na ishara humkumbusha neno pale ulimi unaposahau. Pwani ya Ruvuma ina utajiri wake katika jambo hili, kwa sababu sehemu kubwa ya Injili imetendeka ufukoni na majini, na mtoto anayeishi karibu na Msimbati anazijua nyavu, ngalawa, kasia na upepo wa kusi bila kuelezwa. Mwalimu anayefundisha habari ya Petro na wenzake waliokesha bila kupata samaki anaweza kuwapanga watoto mistari miwili wavute kamba kwa mapigo, na anayefundisha habari ya dhoruba iliyotulizwa anaweza kuipandisha ngoma na kuishusha ghafla mpaka ukimya. Watoto watakuwa wameushika ujumbe wa kisa kwa mwili kabla ya kuulizwa swali lolote.

Pamoja na chekechea, chama kinachoonekana zaidi katika parokia za Kikatoliki ni Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka. Nchini Tanzania shirika hili limepata sura ambayo mwanzilishi wake asingeweza kuibuni, kwa kuwa watoto wenye sare huongoza maandamano ya kuingia na ya kutoa vipaji kwa hatua za ngoma, wengine wakiwa wadogo kiasi cha kufuata miguu ya aliye mbele yao. Katika makanisa ya Kianglikana, ya Kilutheri na ya Kipentekoste kazi hiyohiyo hufanywa na shule ya Jumapili, ambayo mara nyingi huongozwa na wasichana na akina mama wanaozitunga nyimbo wenyewe au kuzibadili kutoka michezo ya kijijini, wakiendeleza kazi ileile ya makatekista wasioandikwa.

Historia hii haikukosa mabishano, nayo yanastahili kuheshimiwa kwa sababu wanaobishana wote wanajali jambo moja. Wapo wazee wa Kanisa wanaoona kwamba mapigo ya sindimba, ngoma ya Wamakonde inayojulikana kwa kuchezesha kiuno, hayafai mbele ya altare, na wapo wanaojibu kwamba mtoto wa miaka minne hana maana nyingine katika kiuno chake zaidi ya furaha. Wapo pia wanaohofia kwamba kinanda cha umeme na video za simu zinamfundisha mtoto kuiga miondoko iliyotengenezwa mbali, huku marimba, njuga na ngoma za uwanda wa Makonde zikinyamaza. Hoja yenye uzito zaidi inahusu maneno, kwa kuwa wimbo unaochezwa husahaulika kwa shida sana, na kosa la imani lililowekwa ndani ya kiitikio kitamu litadumu muda mrefu kuliko hotuba yoyote ya kulisahihisha. Katika vijiji vyenye dini mbili, mtunzi ana wajibu wa ziada wa kuhakikisha kwamba wimbo wa mtoto wa Kikristo haumfundishi kumdharau mwenzake anayetoka chuoni, kwa maana watoto hao watavua, watalima korosho na kuzikana pamoja.

Mambo matatu yanajitokeza katika safari hii ya karne moja na nusu. La kwanza ni kwamba kila mara Kanisa la kusini lilipoukataa mwili wa mtoto, malezi yake yalihamia mahali pengine, ama kambini kwa siri ama mgongoni mwa bibi, na kila lilipoukubali lilipata walimu wengi kuliko liliowaajiri. La pili ni kwamba mafanikio ya Lucas, ya wanamuziki wa kizazi cha Mbunga na ya chekechea za masista yalitegemea wenyeji waliojua ngoma ipi inabeba nini, na mpango wowote wa sasa unaowaletea walimu wa Madimba nyimbo na miondoko iliyokamilika, bila kuwauliza wanawake wa kijiji wanaimba nini na watoto wao, unarudia kosa la karne ya 19 kwa vifaa vya karne ya 21. La tatu ni kwamba kazi hii inahitaji elimu: mwalimu wa chekechea na wa shule ya Jumapili anapaswa kufunzwa utunzi, mapigo na maana ya mafundisho kwa uzito uleule anaopewa katekista wa watu wazima, na alipwe heshima hiyohiyo. Jimbo, dayosisi na sharika zinazotaka Ukristo wa pwani ya Ruvuma uwe na mizizi zinaweza kuanza na jambo hili lililo ndani ya uwezo wao, kwa kukusanya nyimbo za watoto za vijiji vyao wakati waimbaji wazee bado wapo, na kuziweka mikononi mwa wale wanaokaa na watoto kila siku.